Foto ikiwa na kasoro tuseme kasoro, lakini tusimlaumu mtoto kwa ngozi yake

Hapa Pweto kuna neno fupi linalowadanganya vijana wetu kuliko maneno mengine yote: "iko muzuri". Kijana anakuja na simu, anakuonyesha foto alizopigwa kando ya ziwa, anakuuliza unaonaje. Wewe una haraka ya kwenda sokoni, au hutaki kumvunja moyo, basi unamwambia iko muzuri, iko muzuri sana. Anaenda zake na furaha, lakini hajajifunza kitu, na fotografe wake pia hajajifunza kitu. Akifika kwa jirani anayefuata, huyo anacheka: "Juu ya nini umekuwa mweusi hivi?" Wa kwanza amemdanganya kwa upole, wa pili amemuumiza bila sababu. Hakuna kati yao aliyemsaidia.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu katika kazi ya redio vijana wengi wananijia na maswali ya namna hiyo. Wanafikiri mtu wa redio anajua kila kitu. Wengine ni wakaaji wa hapa site, watoto wa wavuvi na wachuuzi. Wengine ni watoto wa familia zilizokimbia vita upande wa Manono, Mitwaba na Moba, wale tunaowaita deplase. Dada anataka kuwa manekeni. Kaka yake au rafiki yake amepata kamera ya zamani, au simu yenye kamera ya kutosha, na ndiyo kwanza anajifunza kupiga. Wawili hao wanatengeneza pamoja kile kinachoitwa portfolio, yaani mkusanyo wa foto za kumwonyesha mtu anayetafuta manekeni. Kisha wanaomba maoni, na hapo ndipo sisi wakubwa tunawaangusha.

Najua wazazi wengine watauliza: tumekimbia risasi, tunalala chini ya shitingi, unga haupatikani, na wewe unatuletea habari za umanekeni? Swali hilo ni la haki, na sitalikimbia. Umanekeni si mkate wa kesho. Kazi ya jukwaani inachagua watu wachache sana: wasichana wanaotafutwa huko kwa kawaida wana urefu wa karibu mita 1.75 au zaidi, na hata kati ya hao wengi hurudi nyumbani bila kazi. Mtoto anayeambiwa kwamba sura yake itaitoa familia kambini anabebeshwa mzigo usio wake. Hilo ni kweli, na ni vizuri tumwambie mapema.

Lakini ndoto haizimwi kwa kuinyamazia. Wazazi wasipoisikia, mtu mwingine ataisikia kwa simu.

Tunajua mifano ya waliofika mbali. Alek Wek alizaliwa mwaka 1977 huko Wau, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Vita viliifukuza familia yake, na mwaka 1991 akafika London kama mkimbizi. Mwaka 1995, akiwa katika soko la mtaani pale Crystal Palace, mtu wa ajansi alimwona na kumwita. Miaka miwili baadaye, Novemba 1997, alikuwa kwenye jalada la gazeti la Elle la Marekani, na ngozi yake nyeusi kabisa, na nywele zake fupi. Adut Akech alipitia utoto wake katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kabla ya kwenda Australia. Mwaka 2019 alitangazwa London kuwa manekeni bora wa mwaka. Majina hayo watoto wetu wanayajua kuliko sisi.

Kuna habari nyingine ya Kakuma ambayo hawaijui vizuri, na ni lazima waisikie. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilichapisha uchunguzi juu ya vijana waliochaguliwa katika kambi hiyo na kupelekwa Ulaya kujaribu kazi ya umanekeni. Baadhi yao walirudishwa kambini baada ya muda mfupi, na wakaambiwa wana deni la maelfu ya euro: tiketi ya ndege, mahali pa kulala, pesa ya matumizi. Waliondoka kambini bila pesa, wakarudi kambini na deni. Hao hawakuangukia matapeli wa mtandaoni. Walisaini mikataba ya kweli, na mara nyingi katika kazi hiyo gharama ambazo ajansi inatanguliza hukatwa baadaye kwenye malipo ya manekeni. Kama malipo hayakuja, deni linabaki.

Ndiyo sababu ninasema kwamba maoni ya kweli ni ulinzi. Msichana ambaye nyumbani hakusikia kitu kingine isipokuwa "iko muzuri" atamwamini mgeni wa kwanza atakayemwandikia kwamba yeye ni nyota na kwamba tuma dola 50 za fomu. Na msichana ambaye nyumbani alichekwa tu, huyo yuko hatarini zaidi, kwa sababu ana njaa ya neno zuri. Lakini yule aliyeketi na watu wazima wakamwambia, "foto hii ya tatu ina nguvu, hizi nne ni mbaya, na sababu ni hii", anajua thamani ya kazi yake. Mgeni akimsifu kupita kiasi, atamuuliza: umeona nini katika foto zangu?

Sasa tuje kwenye foto zenyewe, maana maoni bila ujuzi ni kelele.

Neno la kwanza: tutenganishe kazi ya fotografe na kazi ya manekeni. Mwanga, mahali pa nyuma, foto kuwa na ukungu, kichwa kukatwa, hayo ni ya fotografe. Mabega, mikono, macho, jinsi ya kusimama, hayo ni ya manekeni. Hapa kwetu tunachanganya, na karibu kila mara anayebeba lawama ni msichana.

Chukua lile neno "umekuwa mweusi sana". Karibu na ziwa, maji yanang'aa na anga linang'aa. Ukimsimamisha mtu mbele ya mwangaza huo, kamera inaona mwanga mwingi na inapunguza kila kitu, na uso unakuwa giza. Ngozi haijafanya kosa lolote. Fotografe alipaswa kumgeuza msichana aangalie upande wa mwanga, au kugusa uso wake kwenye kioo cha simu na kuongeza mwanga kabla ya kupiga. Tena jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilirekebisha rangi za filamu kwa kutumia kadi zenye foto ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu. Vyombo vya leo ni bora zaidi, lakini fotografe anayeanza lazima ajue kwamba ngozi nyeusi inadai mwanga uwekwe kwa akili.

Ni jambo zito, wala si la ufundi peke yake. Msichana akiambiwa mara tatu kwamba amekuwa mweusi sana katika foto, mara ya nne ataenda kununua mafuta ya kujichubua. Ataharibu ngozi yake kwa sababu ya kosa la mwanga. Na wale wanaopitisha foto zao katika programu za kuing'arisha sura wanajiumiza vilevile: mtu wa ajansi anataka kuona ngozi ilivyo, na makovu yake ikiwa yapo. Foto iliyong'arishwa inamwambia kwamba unaficha kitu.

Neno la pili: saa. Jua la saa sita liko juu ya kichwa. Linatia kivuli machoni na chini ya pua, hata mtu mwenye afya anaonekana kama mgonjwa. Pigeni asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Kama ni lazima iwe mchana, ingieni chini ya kivuli cha mwembe au cha ukuta, uso ukielekea nje kwenye mwanga. Ujuzi huo hauna bei, na unasaidia kuliko kununua kamera nyingine.

Neno la tatu: foto chache. Nimeona vijana wenye foto sitini kwenye simu, na arobaini kati yake ni foto moja iliyorudiwa. Portfolio ya mtu anayeanza inatosha na foto nane au kumi, kila moja ikionyesha kitu tofauti. Anayeangalia hakumbuki foto yako bora tu. Anakumbuka pia ile mbaya, na anajiuliza juu ya nini uliiweka.

Neno la nne litawafurahisha wasio na pesa. Kwa kumwona mtu mara ya kwanza, ajansi nyingi hazihitaji foto za kifahari. Wanataka foto za wazi: uso kwa mbele, uso kwa upande, mwili mzima umesimama, nywele zimerudishwa nyuma, bila rangi za uso, nguo za kawaida zisizoficha umbo, ukuta mtupu nyuma, mwanga wa mchana. Wanaongeza urefu na vipimo vilivyoandikwa kwa ukweli. Hayo yote fotografe anayeanza anaweza kuyafanya hapa Pweto bila kupanda gari kwenda Lubumbashi, safari ya zaidi ya kilometa 400 kwa barabara tunayoijua.

Kwa hiyo tusimdharau fotografe kwa sababu anaanza. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alikuwa fundi wa mbao. Mwaka 1935 mjomba wake alimletea kamera ndogo ya Kodak kutoka Senegal, akaanza kujifunza na watu wa nyumbani kwake. Mwaka 1948 alifungua studio yake, na leo foto alizowapiga watu wa mji wake zinaonyeshwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Karibu zaidi, Sammy Baloji ni mtoto wa Lubumbashi, na kazi zake za foto juu ya migodi ya Katanga zimezunguka Ulaya na Marekani. Yeye na wenzake walianzisha Picha, na tangu 2008 Lubumbashi ina maonyesho makubwa ya sanaa ambayo yalianza kwa jina hilo la Kiswahili chetu. Anayeanza leo anahitaji mtu wa kumwambia amekosea wapi, kisha arudie.

Sasa, nani aombwe maoni? Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Mama yako anakupenda, mchumba wako anakupenda, na fotografe anaipenda foto yake. Wote hao msiwaombe maoni ya kwanza. Nendeni kwa fundi wa nguo: yeye anajua nguo ikikaa vibaya begani, na ataona mara moja kwamba kikwembe kimekunjwa kiunoni. Nendeni kwa mpiga foto wa harusi wa siku nyingi, hata kama mnamwona ni wa zamani. Nendeni kwa mwalimu ambaye hakujui vizuri. Msiwaulize "iko muzuri?", maana swali hilo lina jibu moja. Mwonyeshe foto, hesabu hadi tano, ifiche, kisha uliza: umeona nini kwanza? Akisema "nimeona macho", foto imefanya kazi. Akisema "nimeona bidoni la njano lile la nyuma", mmejua cha kuondoa. Kisha mpe foto ishirini, mwambie achague tano, na muulize sababu. Mtu mmoja akisema neno, labda ni ladha yake. Watatu wasiojuana wakisema neno lile lile, basi kasoro iko.

Na sisi tunaoombwa maoni, tuwe na adabu ya kazi. Seme foto, usiseme mwili. "Mkono huu umekaa kama umevunjika, ushushe kidogo" ni neno la kusaidia. "Una mikono mibaya" ni tusi. "Hapa macho yako yanaogopa, na hapa yanasema kitu" ni neno la kusaidia. "Wewe si wa kupigwa foto" ni kumzika mtu akiwa hai. Na kama ni lazima kumwambia dada kwamba urefu wake hautamfikisha jukwaani, mwambie kwa upole na mwonyeshe mlango mwingine: matangazo ya nguo za mafundi wetu, vikwembe, nywele, sherehe. Huko hakuna anayepima urefu kwa mita.

Kuna jambo moja la familia za deplase ambalo nalishikilia moyoni. Familia hizo zimepigwa foto nyingi kuliko wakaaji wote wa Pweto. Wamepigwa kwenye foleni ya unga, mbele ya hema, mtoto akilia mgongoni. Wengine waliovuka mpaka mwaka 2017 na kupokelewa Zambia, pale Kenani na baadaye Mantapala, walipigwa huko pia. Foto hizo zina kazi yake, kwa sababu bila hizo dunia isingejua. Lakini nani alirudi kuwaonyesha? Nani aliwauliza, "Mama, foto hii unaionaje?" Msichana wa kambini anaposimama kando ya Ziwa Moero na kuchagua mwenyewe nguo, mahali na sura ya kuonyesha, ni mara ya kwanza katika maisha yake kwamba foto inamsikiliza. Hata asipokuwa manekeni kamwe, hiyo si michezo ya watoto. Anapotuomba maoni, anatuuliza kama tunamwona yeye, au tunaona mkimbizi tu.

Kwa wazazi, haya ndiyo ya kushika. Mtoto aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema hivyo. Asipigwe foto za namna hiyo bila mzazi au mlezi kujua, na mtu mzima wa familia awepo mahali pa kupigia. Ajansi ya kweli hupata pesa yake kwenye kazi aliyopata manekeni, mara nyingi karibu asilimia 20. Anayedai pesa ya fomu, ya mafunzo au ya visa kabla ya kazi yoyote, mkimbieni. Anayeomba foto za uchi kwa WhatsApp ni mwizi wa mwili, hata kama jina lake ni la Kizungu na foto yake ni ya mwanamke. Mkataba wowote usomwe na mtu anayeielewa lugha yake, na swali la kwanza liwe: kazi isipopatikana, nani analipa tiketi?

Na kwa wazazi wanaoogopa juu ya heshima na imani, kumbukeni Halima Aden. Alizaliwa Kakuma mwaka 1997 katika familia ya Wasomali, akakulia Marekani, akawa manekeni maarufu huku amevaa hijabu yake. Mwaka 2020, alipoona kazi hiyo inamsukuma nje ya mipaka yake, aliiacha mwenyewe. Mtoto anayejua mipaka yake kabla ya kuondoka nyumbani anaweza kusema hapana hata mbele ya pesa. Mipaka hiyo inafundishwa nyumbani, wakati mzazi anapokubali kuketi na kuangalia foto pamoja naye badala ya kumfukuza.

Wiki hii huenda kijana mmoja atakuletea simu yake. Kaa kivulini, pokea simu hiyo, angalia foto zote hadi mwisho bila haraka. Mwonyeshe moja iliyo bora na mwambie sababu. Mwonyeshe moja iliyoanguka na mwambie sababu. Kisha mrudishe yeye na fotografe wake wakapige tena kesho saa kumi jioni, jua likiwa limeshuka.